Aminieli Hakuulizwa

Asubuhi ile Mzee Aminieli alikwama tena kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe, na safari hii alitukana. Alitukana kwa Kichagga, tusi la kiutu uzima, na mkewe Elisifa aliyekuwa bandani akikamua ng'ombe akalisikia na akajifanya hamnazo. Uwanja ulikuwa pale pale mbele ya mzee, mweupe kwa jua, lakini nyayo ziligoma kuinuka. Kichwa kinasema twende, miguu inasema nenda mwenyewe. Mtu aliyepanda na kushuka vilima vya Mwika tangu akivaa kaptula anashindwa na kizingiti ambacho hata kuku anakivuka!

Elisifa akaja, akalaza bua la mhindi sakafuni mbele ya vidole vyake. Mbinu hiyo waliigundua wenyewe: akiona kitu cha kuruka, mguu ulikubali kuinuka. Mzee akaruka bua, akatoka, akajikokota hadi kwenye kiti chake pembeni ya migomba. Safari yake ya siku ikawa imeishia hapo.

Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Mwaka juzi mikono hiyo ilikuwa haishiki kikombe. Ugonjwa wa Pakinsoni ulimwanzia kwenye kidole gumba cha kulia, ukapanda mkono, ukahamia na wa kushoto, hadi chai ikawa inafika mdomoni nusu na nusu imeishia kwenye shati. Mwanawe mkubwa, Godlove, mwenye maduka ya vipuri Dar es Salaam, akampeleka India. Huko madaktari walimtoboa fuvu, wakapitisha nyaya mbili nyembamba hadi ndani ya ubongo, wakaziunganisha na betri waliyoizika chini ya ngozi ya kifua. Betri hiyo ilipeleka umeme kidogo kidogo usiku na mchana, na mtetemeko ukakata kama mtu amezima redio. Watu wa Mwika walikuja kumwona. Wengine walimshika mikono wakaigeuza geuza, na wote wakamsifu Godlove kwamba huyo ndiye mtoto.

Sawa. Na miguu je? Kabla ya India Mzee Aminieli alikuwa anatembea. Polepole, ameinama, lakini anatembea. Baada ya India akaanza kuganda: mlangoni, kwenye kona, popote penye wembamba. Alipouliza, Godlove alimwambia kwenye simu kwamba huo ni ugonjwa tu unaendelea, Baba, na umri nao umekwenda. Mzee akayameza hayo, maana angefanyaje? Hakuwa daktari.

Na alichokitaka wala si kikubwa. Alitaka kupanda kwenye mfongo, ule mfereji uliochimbwa na babu zake kuteremsha maji ya mto kutoka ukingoni mwa msitu hadi kwenye migomba na kahawa za vihamba vya chini, yale mashamba yanayozunguka nyumba. Ukoo wake ndio wenye kazi ya kuuangalia, na kazi hiyo haifanywi kwa kukaa. Inafanywa kwa miguu. Unapanda alfajiri, unaondoa majani, unaziba panapovuja, unaangalia nani amejifungulia maji siku isiyo yake, kisha unamfuata hadi kwake unampa vidonge vyake. Tangu Aminieli aache kupanda, watu wa juu walikuwa wanajifungulia wapendavyo, na huku chini kahawa zilikuwa zimekunja majani. Wenye kahawa walimletea malalamiko pale kwenye kiti. Aliwasikiliza mikono ikiwa imetulia tuli, na moyoni alikuwa anaungua.

Mwezi wa tisa Elisifa alimpeleka kliniki, Moshi mjini, kama kawaida yao. Zamu hiyo walimkuta daktari mgeni, Dokta Nasrin, binti wa hapo hapo mjini, mwenye ushungi mweupe na sauti ya chini. Alimwamkia mzee shikamoo, akasubiri aitikiwe, ndipo akakaa. Alimwona alivyoganda mlangoni, akamwona Elisifa akitoa kipande cha bua kwenye mkoba na kukilaza chini, na hakucheka. Kisha akaomba rimoti.

Elisifa akauliza rimoti gani, ya televisheni? Daktari akaeleza kwamba aliyewekewa betri ile hupewa kifaa kidogo cha kuielekeza, na mara nyingi ndani yake kuna mipangilio zaidi ya mmoja. Ala! Hapo Elisifa akakumbuka. Kipo, kweli, Godlove anacho huko Dar, alisema anakihifadhi kisije kikaharibika. Daktari akaomba namba ya huyo Godlove, akapiga, akaweka sauti ya nje. Godlove aliposikia anaongea na daktari akahamia kwenye Kiingereza moja kwa moja, na maneno yakaenda hivyo, haraka haraka, huku mzee ameketi katikati yao akisikia jina lake linapita. Kiingereza chake yeye kiliishia kwenye salamu.

Simu ilipokatwa, Dokta Nasrin hakumgeukia Elisifa. Alimgeukia mzee.

"Mzee wangu, haya yaliyosemwa yanakuhusu wewe. Nikutafsirie?"

"Nitafsirie. Na usipunguze."

Hakupunguza. Alisema betri ile ilipangiwa njia mbili huko huko India. Njia ya kwanza inapeleka umeme kwa kasi kubwa. Mikono inatulia kabisa, ila kwa baadhi ya watu, na yeye ni mmoja wao, miguu inaganda. Njia ya pili inapunguza kasi. Miguu inaachia, lakini mtetemeko unarudi, pengine si wote, lakini unarudi. Madaktari walihangaika kutafuta njia ya tatu ya kumpa vyote viwili, wakaikosa. Basi wakauliza aachiwe ipi, na Godlove akajibu: mikono.

"Na mimi nilikuwa wapi?" Mzee Aminieli akauliza.

"Anasema ulikuwepo. Anasema ulikubali."

Ndipo akakumbuka. Chumba chenye baridi ya mashine, daktari wa Kihindi mwenye miwani amemwinamia, anasema jambo refu, anaigusa mikono yake, kisha anaonyesha miguu, kisha anangoja, macho yake usoni mwake yeye Aminieli na si mwa mwingine. Yule mtu alikuwa anamuuliza! Alikuwa anamuuliza kwa heshima zote. Na Godlove, mkalimani, mtoto wake wa kuzaa, akamgeukia akasema, daktari anataka kujua kama mikono imetulia. Akaitazama mikono, akaiona imelala kama ya mtu mzima wa afya, machozi yakamtoka akasema ndiyo. Ndiyo yake ikachukuliwa pale pale ikapelekwa kwenye swali jingine.

Akakumbuka na jambo la pili, ambalo miezi yote hiyo alidhani ni dawa. Kuna siku walimtembeza kwenye korido na miguu ikawa myepesi ghafla, akaenda na kurudi, akageuka mwenyewe kwenye kona, akamcheka muuguzi aliyekuwa akimkimbilia. Baadaye wakabonyeza kitu, wakamkalisha. Kumbe alikuwa ameonjeshwa miguu yake tu, kisha ikarudishwa kabatini.

Alimuuliza daktari kama anaweza kuirudisha njia ile ya pili sasa hivi, kabla hawajanyanyuka. Dokta Nasrin akasema kliniki haina mashine ya kufanyia hivyo, bila ile rimoti hana la kufanya. Akamwonya pia, bila kupamba: mtetemeko ukirudi atashindwa kijiko, atashindwa vifungo vya shati, na hatakiwi kutembea peke yake mpaka aonekane anavyokwenda. Afikirie. Mzee Aminieli akamwambia aika, asante, mwanangu, mimi nimeshafikiria, nimefikiria kwenye kile kiti mwaka mzima.

Alipofika nyumbani alimpigia Godlove. Hakumpigia kelele, alimwambia tu atume kifaa kwa basi. Godlove akasema kitapotea njiani, Baba, nakuja nacho Krismasi, tutaongea. Tutaongea! Mtu amekaa juu ya miguu yako anakwambia mtaongea. Elisifa naye akachukua simu akamtolea uvivu mwanawe kwa namna ambayo majirani walisikia, na Godlove akaitikia ndiyo Mama, ndiyo Mama, na kifaa hakikuja. Septemba ikaisha, Oktoba ikapita, mvua za vuli zikanyesha kidogo zikakata, na hasira ya mzee haikupoa hata siku moja. Akiamka ipo. Akilaziwa bua la mhindi, inaongezeka.

Godlove alifika siku moja kabla ya Krismasi, yeye na mke wake na watoto, gari limejaa mchele na soda. Alishuka akicheka, akamwamkia baba yake, akaanza kusimulia foleni ya pale Himo ilivyomchosha.

"Leta," mzee akamkata.

Godlove alijua anachoambiwa. Alizunguka zunguka, akasifia ng'ombe, akauliza habari za mchungaji, na alipoona uso wa baba yake haubadiliki akavuta kigoda akakaa. "Baada ya nyama, Baba," akasema. "Ukishakata nyama, nakupa mkononi."

Hapo ndipo palipokuwa na kiini chenyewe. Siku ya pili ya Krismasi ukoo mzima hukusanyika kwenye kihamba cha mkubwa wao, mbuzi wakachinjwa, na mkubwa huyo akakata nyama kwa mkono wake na kumpa kila mtu sehemu yake: nyumba hii mgongo, nyumba ile kidari, wanawake fungu lao, wakwe fungu lao. Hakuna anayetia kitu mdomoni kabla hajakata. Na mkono wa mkataji watu wanauangalia. Miaka ile Aminieli alipoanza kutetemeka palizuka maneno. Walisema mkono wake unatetemeka kwa laana, kwa sababu uling'oa masale, yale majani ya mpakani, na kuyasogeza ndani ya shamba la mdogo wake, Anaeli. Hakuna aliyelisema hilo mbele yake. Walilisema vilabuni kwenye mbege, ile pombe ya ndizi, likashuka hadi Himo, likapanda basi likamfikia Godlove Dar.

Godlove sasa akayasema yote. Alisema aliona aibu. Alisema alipoona India mikono imetulia, alichowaza ni watu wale wakae waangalie kisu kinavyokwenda sawa, wafunge midomo. Alisema mzee asiyetembea si tatizo, Baba, mzee hukaa na watu wakamfuata alipo. Lakini mzee asiyeshika kisu wanamnyang'anya, na Anaeli na wanawe wanakingojea. Alisema alifanya kwa mapenzi. Na pengine ni kweli, hata mzee mwenyewe hakulikataa hilo, na ndiyo maana hasira yake haikupata pa kutokea.

"Aibu ilikuwa yako," akasema. "Mwili ulikuwa wangu. Ungenitafsiria tu, Godlove. Ningechagua mwenyewe, hata kama ningechagua vibaya."

Godlove akasema haya yameshapita, akanyanyuka na kuingia ndani. Mzee Aminieli akataka kumfuata. Alijivuta hadi mlangoni na pale pale kwenye kizingiti akaganda, mkono mmoja kwenye fremu, akimwona mwanawe mgongo. Godlove akageuka. Akamwona. Akaenda kwenye kona anakoweka mama yake mabua, akachukua moja, akainama na kulilaza mbele ya miguu ya baba yake, taratibu, kwa adabu. Tangu azaliwe Mzee Aminieli alikuwa hajaudhiwa na kitu kama adabu ile.

"Ondoa," akasema.

Alisimama pale hadi Elisifa akaja kumshika. Godlove alikuwa tayari amekwenda zake sebuleni.

Siku ya pili ya Krismasi ukoo ukaja, waliovaa suti na waliovaa kanga mpya, wa Mkuu, wa Arusha, wa Dar, kihamba kikajaa. Mbuzi walichinjwa, damu ikapelekwa kwa akina mama wapike mchuzi wa kisusio, mbege ikatengwa kwenye ndoo. Nyama ilipokuwa tayari iliwekwa juu ya majani ya mgomba mbele ya kiti cha Aminieli, na mdogo wake Anaeli, mtu mrefu mwenye kikohozi, akamkabidhi kisu kama ilivyo desturi. Mzee akakishika. Mkono haukutikisika hata chembe. Godlove alikuwa amesimama mbele kabisa ya watu, na alikuwa anatabasamu.

"Sikati," Mzee Aminieli akasema.

Watu walidhani hawakusikia vizuri. Akarudia. Kisha akawaeleza, bila kupandisha sauti na bila kumficha mtu: kwamba ndani ya kifua chake mna betri, kwamba betri hiyo ina njia mbili, kwamba alichaguliwa mikono bila kuulizwa ili leo wao waione imetulia, na kwamba miguu yake imo kwenye begi la Godlove. Akasema nyama itakaa pale hadi inzi waimalize. Watoto wana njaa, anajua. Wakwe wamekaa, anajua. Waende wakamwombe Godlove.

Loo! Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuona jambo kama hilo, mkubwa wa ukoo kugoma na kisu mkononi. Wazee wakanong'ona. Shangazi mmoja akasema aibu gani hii mbele ya wakwe. Anaeli akakohoa, akauliza kwa nini kijana amng'ang'anie mzee kitu kama hicho, na Godlove, uso umemshuka, akamjibu kwa hasira kwamba ni kwa sababu ya maneno yenu ya masale. Anaeli akatazama chini. Akakiri kwamba masale yapo pale pale yalipopandwa na marehemu baba yao, halijaguswa hata moja, na kwamba maneno yale aliyasikia na hakuyakanusha. Mzee Aminieli akamtazama mdogo wake kwa muda. Anaeli mwenyewe akarudi nyuma.

Moto ulikuwa unazima. Mtoto mmoja akaanza kulia njaa. Godlove akaingia ndani akatoka na kifaa, cheusi, hakizidi kiganja, akataka kukibonyeza yeye. Elisifa akampokonya. Aliuliza anagusa wapi, Godlove akamwonyesha, akakiweka juu ya kifua cha mumewe chini kidogo ya mtulinga. Kabla hajabonyeza akamtazama mumewe usoni.

"Baba Godlove, unajua mikono inarudi ilivyokuwa."

"Najua. Utachoka kunilisha."

"Nimelisha watoto wanne," Elisifa akasema. "Na wewe hata hupigi kelele kama wao." Akabonyeza.

Haikuchukua muda. Kidole gumba kilianza, kikafuata kiganja, na kisu kikaanza kucheza mkononi mwake mbele ya macho ya ukoo mzima. Wengi wakageuza nyuso, kwa heshima au kwa woga. Mzee hakuwaruhusu. Aliunyanyua mkono ule juu, ukitetemeka, akaushikilia hapo hadi wote wakaangalia. Huo ndio mkono wangu, akawaambia, ni ugonjwa, una jina, na haujawahi kugusa sale la mtu. Halafu akampa Anaeli kisu, ncha ikiwa imegeukia kwake mwenyewe, akamwambia akate, na akate vizuri. Godlove akafumba macho. Kisu kilikuwa kimehamia nyumba nyingine, mbele yake, na hakuna aliyekinyang'anya.

Walikula. Elisifa alimlisha mumewe hadharani, kipande kwa kipande, na akakifuta kidevu chake kwa upindo wa kanga. Mzee alitafuna akiangalia miguu yake. Mbege ya tatu ilipokuwa inazunguka, alishika mikono ya kiti, akasimama, na mguu wa kulia ukaondoka. Wa kushoto ukaufuata. Alikwenda hadi kwenye njia nyembamba ya kutokea kihambani, mahali pale pale ambapo huwa anaganda, na kweli mguu ulisita, kila mtu aliuona umesita. Kisha ukapita.

Elisifa alimwambia Godlove amfuate baba yake, maana daktari alikataza asiende peke yake. Godlove akamfuata na viatu vyake vya mjini. Walipanda kando ya mfongo, mzee mbele ameinama, mikono inapigapiga mapaja, mtoto nyuma. Mzee alikuwa anatembea na alikuwa amekasirika, na ilikuwa vigumu kusema kipi kilikuwa kinamsukuma zaidi. Kila mahali mfongo ulikuwa umetobolewa. Mahali pengine palikuwa pamezibwa kwa gogo la mgomba ili maji yageuke yaende kwa mtu mmoja. Mzee anasimama, ananyoosha mkono unaotetemeka, na Godlove anaingia kwenye tope na suruali ya Krismasi, analivuta gogo, maji yanapita. Hakuna aliyemshukuru. Wakaendelea hivyo, hatua kwa hatua, juu, hadi pale maji yanapogawanyika mara ya kwanza.

Banio lenyewe, pale mto unapogeuzwa kuingia mfongoni, lilikuwa bado mbali, huko msituni, na kwa siku hiyo lisingefikika. Mzee Aminieli alilijua hilo na hakulizungumza. Alisimama kwa miguu yake mwenyewe akihema, akaangalia maji, akaangalia ukuta wa mawe ulioachwa ukabomoka, akamlaani kila mmoja aliyehusika kwa jina lake na jina la baba yake. Alipomaliza kulaani, haja ndogo ikambana.

Alishusha mikono kwenye mkanda. Vidole viligonga bizimu, vikateleza, vikagonga tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Akageuka upande wa migomba ili asionekane na akajaribu tena. Mkanda ukakataa. Akajaribu kwa mkono wa kushoto, nao ukakataa.

Godlove alikuwa ameona. Na mtoto hatakiwi kumwona baba yake hivyo, kila mtu Mwika analijua hilo, mtu anaweza kufa na umri wa miaka hamsini asiwahi kumwona baba yake bila shati. Mikono yake ilitangulia mbele yenyewe, kwa ile tabia yake ya kushughulikia mambo, ikafika karibu na mkanda. Ikasimama hapo.

"Baba," akasema. "Nikufungulie?"

Mzee Aminieli hakumjibu. Alikuwa amebanwa kweli kweli, lakini alimwacha asubiri. Tangu India mwanawe hakuwa amemuuliza kitu na kunyamaza hivyo akingoja. Alimwacha asimame kwenye tope na mikono yake mizima miwili, hajui aiweke wapi, jasho likimtoka kwenye baridi ile, hadi macho yake yakaanza kulowa. Na hata hapo hakumwonea huruma.

"Fungua," akasema. "Kisha ugeuke uangalie huko."